Mnadhibiti Msichokipanga: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Kazi

Kwenu wakurugenzi, mameneja, wakuu wa idara, na wote ambao kazi haisogei bila sahihi zenu,

Salaam na heshima.

Anayewaandikia ni mtu wa katikati. Juu yangu kuna ngazi kadhaa, na chini yangu kuna watu wa zamu ambao kila asubuhi hunitazama mimi kwanza ili wajue siku itakwendaje. Maagizo yenu huyapokea na kuyagawa; malalamiko yao huyapandisha huko juu, yakifika. Mtu aliyekaa hapa huona jambo ambalo huenda huko mliko halionekani vizuri, na ndilo limenifanya niandike.

Karibu wote mmepita darasani au kwenye semina mkafundishwa kwamba kazi za menejimenti ni nne: kupanga, kuandaa, kuongoza na kudhibiti. Mnazijua kwa mfuatano huohuo. Lakini huku kwetu zinafika zimepinduliwa. Ya nne ndiyo hutangulia, nayo huja kwa sura nyingi: daftari la mahudhurio, ripoti ya siku, ripoti ya wiki, kisha kikao cha kueleza kwa nini ripoti ya wiki haifanani na zile za siku. Ya tatu huja kama hotuba. Ya pili ni mchoro wa visanduku na mistari uliobandikwa ukutani. Ya kwanza, ambayo nyingine zote zinaitegemea, mara nyingi tunaifanya wenyewe kimyakimya huku kazi ikiendelea, halafu tunaulizwa kwa nini hatukufuata mpango.

Lalamiko langu ndilo hilo tu: mnadhibiti msichokipanga. Yanayofuata ni maelezo yake.

Nianze na mtu aliyeziorodhesha kazi hizi, kwa sababu hakuwa mtu wa nadharia. Henri Fayol alikuwa mhandisi wa migodi nchini Ufaransa. Aliajiriwa mwaka 1860 katika machimbo ya makaa ya mawe ya Commentry akiwa kijana wa miaka 19, na mwaka 1888 akakabidhiwa kampuni nzima wakati ikikaribia kufilisika. Alipoiacha mwaka 1918 ilikuwa imesimama imara. Miaka miwili kabla ya kustaafu alichapisha aliyojifunza, akataja kazi tano za kiongozi: kupanga, kuandaa, kuamuru, kuoanisha na kudhibiti. Waliokuja baadaye waliongeza na kupunguza. Luther Gulick, mtaalamu wa utawala wa Kimarekani, mwaka 1937 alizifikisha saba, akiingiza ajira, utoaji wa taarifa na bajeti. Leo vitabu vingi vimerudi kwenye nne. Idadi hainisumbui. Ninachotaka mkione ni kwamba katika orodha zote hizo kupanga kunakuja mwanzo, na kudhibiti (kwa Gulick kumo ndani ya taarifa na bajeti) kunakuja kuelekea mwisho, na mpangilio huo una sababu. Huwezi kukagua kama kitu kimekwenda sawa ikiwa hakuna aliyesema kabla sawa ni ipi.

Kwa Fayol, kupanga kulikuwa na mambo mawili: kukadiria yajayo, na kujiandaa nayo. Kampuni yake ilikuwa na makadirio ya mwaka na makadirio ya miaka kumi, na haya ya miaka kumi yaliandikwa upya kila baada ya miaka mitano. Simaanishi kwamba kila kitengo kiwe na mpango wa miaka kumi. Sisi tungeridhika na wa wiki mbili. Kinachotufikia sasa ni lengo lisilo na njia: "ongezeni uzalishaji", "boresheni huduma", "robo hii tuvuke." Hayo ni matamanio. Mpango unasema nini kitafanyika, nani atafanya, kwa vifaa gani, kufikia lini, na kikikwama tunaacha nini ili tuokoe nini. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo haiandikwi kamwe, na ndiyo tunayoihitaji kuliko zote. Kazi tatu zikitujia pamoja, zote zikiwa na alama ya haraka, mmetuachia sisi uamuzi uliokuwa wenu. Tukichagua vibaya tunaitwa kujieleza. Tukichagua vizuri hakuna anayejua kwamba kulikuwa na uchaguzi.

Na kuna suala la muda. Siku inayotakiwa kazi ikamilike hupangwa katika chumba ambacho hakuna hata mmoja anayejua kazi hiyo inachukua saa ngapi. Yule anayejua yupo ghorofa ya chini, na angeulizwa angejibu bila kufikiri sana. Haulizwi. Huletewa tarehe, na kuanzia hapo ujuzi wake unageuka kuwa visingizio. Peter Drucker, mwandishi wa mambo ya menejimenti, mwaka 1954 alipoeleza uongozi kwa kufuata malengo, aliunganisha mambo mawili: meneja ashiriki kuweka malengo yake mwenyewe, kisha awe na taarifa za kumwezesha kujidhibiti mwenyewe. Mashirika mengi yaliupokea utaratibu huo kwa nusu. Malengo yamebaki, fomu zake zinajazwa kila mwaka, lakini kujidhibiti kumeachwa njiani. Kwa nini nusu hiyo ndiyo iliyoachwa? Nadhani jibu mnalo.

Sasa niingie kwenye kuandaa, maana hapa ndipo siku zetu zinapopotelea.

Fayol alikuwa na kawaida ya kuandika kumbukumbu za kazini, na mojawapo ya mwaka 1861 inastahili kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi. Farasi aliyekuwa akivuta mzigo katika ngazi moja ya mgodi alivunjika mguu. Fayol, mhandisi kijana, akaandika hati ya kuomba farasi mwingine. Mtunza zizi akaikataa kwa kuwa haikuwa na sahihi ya mkurugenzi. Mkurugenzi hakuwepo. Hakuna aliyeachwa kukaimu. Fayol akasihi, mtunza zizi akashikilia msimamo: alipewa amri. Farasi hakubadilishwa, na uzalishaji wa ngazi ile siku hiyo ukapotea.

Zaidi ya miaka 160 imepita, farasi wameondoka migodini, na mtunza zizi bado yupo. Siku hizi ni mfumo wa kompyuta unaodai idhini ya mtu aliye safarini. Ni mtu wa stoo anayekiona kifaa mbele yake, anakiona na fundi anayekihitaji, na hawezi kukitoa. Simlaumu. Mtunza zizi yule alikuwa mtiifu kwa amri aliyopewa. Aliyekosea ni aliyeondoka bila kuacha jina. Kila mmoja wenu ana cheo ambacho kina maamuzi ya kila siku ndani yake. Mkiondoka nayo, kazi inasimama, na mkirudi mnakuta mlima wa karatasi na hisia kwamba bila ninyi hapaendeki. (Wapo wanaoipenda hisia hiyo. Nawajua wawili watatu, na ninyi mnawajua.) Kumkaimisha mtu ni barua ya mistari minne, lakini nimeona idara ikikwama kwa kukosa barua hiyo mara nyingi kuliko ilivyowahi kukwama kwa kukosa fedha.

Halafu yeye huyo Fayol, ambaye watu humlaumu kwa kupenda ngazi za vyeo, alipendekeza kile alichokiita daraja. Kama mtu wa idara moja ana jambo na mwenzake wa idara nyingine wa ngazi sawa, waruhusiwe kulimaliza wao kwa wao, mradi wakubwa wao wamekubali na wanaarifiwa. Aliona upuuzi wa ujumbe kupanda ngazi zote hadi kileleni na kushuka ngazi zote upande wa pili. Sisi tuna simu, tuna barua pepe, tuna makundi ya kutumiana ujumbe, na bado swali la "mzigo umefika?" linaweza kuzunguka kwa mameneja wanne kabla ya kurudi kwa mtu anayekaa mita chache kutoka kwa aliyeuliza.

Jambo jingine la kuandaa ni mabosi wawili. Frederick Taylor, mhandisi Mmarekani aliyekuwa maarufu kabla ya Fayol, alipendekeza mfanyakazi apokee maelekezo kutoka kwa wasimamizi wanane, kila mmoja bingwa wa eneo lake. Fayol alilikataa hilo waziwazi: mtu apokee amri kutoka kwa mkuu mmoja. Wahenga walishasema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Najua kazi za leo haziruhusu usafi huo. Kuna miradi inayokata idara, kuna mkuu wa kitaalamu na mkuu wa kiutawala, na mtu mmoja akajikuta chini ya wote. Hilo linavumilika kama kuna mahali pameandikwa nani anashinda wakigongana. Kwa kawaida hapajaandikwa. Basi anayeshinda ni aliyepiga simu mwisho, au mwenye sauti kubwa, na mfanyakazi hujifunza kumkwepa mmoja na kumridhisha mwingine, ujuzi ambao haumo katika maelezo ya kazi yake lakini unamla nusu ya akili.

Kuhusu kuajiri nitasema kidogo tu. Mtu mpya akifika asubuhi ya kwanza, awe na kiti, awe na nywila, na anayempokea awe ameambiwa kwamba anakuja. Nimewahi kumpokea mwenzetu ambaye sote, pamoja na mlinzi wa getini, tulijua habari zake kwake mwenyewe.

Kuongoza kwenyewe. Hapa nitawatetea kwanza. Henry Mintzberg, mtafiti wa menejimenti kutoka Kanada, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1973, aliwafuatilia watendaji wakuu watano, kila mmoja kwa wiki moja, akiandika kila walichofanya. Zile kazi nne za vitabuni hazikuonekana zikiwa zimepangwa kwenye mstari. Nusu ya shughuli zao zilidumu chini ya dakika tisa. Simu, mtu mlangoni, karatasi, kikao, simu tena. Kwa hiyo naamini mnaposema hamna muda wa kukaa na kufikiri. Siku yenu imekatwakatwa, na mtu wa hivyo hukimbilia kazi inayompa jibu la haraka. Kukagua kuna jibu la haraka: namba ipo au haipo. Kupanga hakuna. Kupanga ni kuketi na jambo ambalo bado halijatokea, na hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha. Ndivyo ofisi nzima inavyoingia katika uongozi wa zimamoto, ambapo anayesifiwa ni aliyezima na hakuna anayemuuliza nani aliyeacha jiko likiwaka.

Utetezi wangu unaishia hapo, kwa sababu vipande vyenu vya dakika mbili vikishuka kwetu vinanenepa. Mkuu akisema akiwa kwenye korido, "hebu tuangalie na lile suala," yeye ameshasahau kabla ya kufika kwenye lifti. Huku chini watu wawili wameacha walichokuwa wakifanya, na kesho yake kuna jedwali ambalo hakuna aliyeliomba. Mkiwa wakubwa, mawazo yenu ya kupita husikika kama amri. Semeni tu mkiwa mnawaza kwa sauti, tutashukuru sana.

Na hizi hotuba za kujituma zipungue. Mary Parker Follett, Mmarekani aliyeandika juu ya uongozi katika miaka ya 1920, alikuwa na wazo ambalo sijaona bora zaidi yake katika jambo hili: amri isitoke kwa mtu kwenda kwa mtu, itoke kwenye hali yenyewe ya kazi. Mkuu na anayeongozwa waitazame hali pamoja, wakubaliane inadai nini, kisha wote wawili watii hali hiyo. Nimeona msimamizi akifanya hivyo bila kumjua Follett. Mashine ilikuwa imeharibika na oda inasubiri. Alikuja, akauliza tunaona nini, akasikiliza, akasema basi tufanye hili kwanza. Hakumwinulia mtu sauti na hakumhimiza mtu kujituma. Watu walibaki hadi usiku. Ukinitaka nieleze motisha ni nini, nitakuelekeza kwa yule.

Nimefika kwenye kudhibiti, na hapa nitakaa kidogo.

Kudhibiti kukifanywa vizuri kuna hatua zake: kuna kiwango kilichowekwa kabla, kuna kupima kilichofanyika, kuna kulinganisha, na kuna kurekebisha. Kurekebisha kunaweza kumhusu mtu, lakini kunaweza pia kuhusu kiwango chenyewe, au vifaa, au mpango. Kwetu hatua ya kwanza na ya mwisho zimeng'olewa. Tunapimwa, kisha tunakaripiwa. Kiwango huzaliwa baada ya matokeo kuonekana, na marekebisho ni barua ya onyo. Huko ni kuvizia watu, na mtu anayejua kwamba anaviziwa hujifunza kujificha. Takwimu mnazoletewa zinatoka kwa watu waliojifunza hivyo.

Mfano uko kila mahali penye kitengo cha kupokea simu za wateja. Wafanyakazi wanapimwa kwa idadi ya simu kwa saa. Wanachofanya ni kuzikata mapema. Mteja ambaye hakusaidiwa anapiga tena, na simu yake ya pili inahesabiwa kama kazi nyingine iliyofanyika. Namba inapanda, meneja anafurahi, mteja anahama. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja amefanya alichopimwa. Mwaka 1975 mchumi wa Uingereza, Charles Goodhart, akizungumzia sera za fedha, alieleza kwamba uhusiano uliozoeleka katika takwimu huelekea kuvunjika ukianza kutumiwa kama chombo cha udhibiti. Alikuwa akizungumzia benki kuu, lakini angeweza kuwa amekaa nasi kwenye kikao cha Jumatatu.

Linganisheni na kamba ya Toyota. Katika viwanda vyao mfanyakazi wa kawaida anayeona hitilafu huvuta kamba (siku hizi katika baadhi ya viwanda ni kitufe) kuita msaada. Kiongozi wa timu hufika; tatizo lisipotatuliwa kwa muda uliowekwa, mstari wa uzalishaji unasimama. Huo nao ni udhibiti, tena mkali kuliko wenu, lakini umewekwa mkononi mwa aliye karibu na kosa, na kinachofuata baada ya kamba kuvutwa ni msaada. Jiulizeni mtu wenu akivuta kamba ya namna hiyo kesho saa nne asubuhi, atakayemfikia wa kwanza atakuja na swali gani.

W. Edwards Deming, mtakwimu wa Kimarekani aliyefundisha ubora nchini Japani kuanzia mwaka 1950, alikadiria kutokana na uzoefu wake kwamba matatizo mengi, kama asilimia 94, yanatokana na mfumo, na mfumo ni jukumu la menejimenti. Ni makadirio ya mtu mmoja, kwa hiyo sitawashikia bunduki kwa namba hiyo. Ipunguzeni hadi nusu kama mnataka. Hata hivyo vikao vyetu vya tathmini vimejengwa juu ya asilimia sita iliyobaki: nani alichelewa, nani alikosea, nani hakujaza. Mzigo ukichelewa kwa sababu oda iliidhinishwa siku tatu baada ya muda wake, kwenye fomu hakuna safu ya kuandika hilo. Kuna safu ya jina la mhusika, na jina linaloandikwa ni la aliyepokea mzigo.

Ninachoomba hakihitaji mshauri wa nje wala semina hotelini. Kabla ya kipindi kuanza, tuleteeni mpango wa ukurasa mmoja, wenye tarehe juu yake, unaosema pia nini kiachwe kikwazo kikitokea. Na kabla haujatiwa sahihi, waulizeni watakaoufanya kama muda unatosha. Kila mwenye mamlaka ya kuidhinisha awe na kaimu anayejulikana kwa jina hadi stoo. Mwenye wakuu wawili aandikiwe nani anaamua. Chagueni ripoti moja ambayo hamjaisoma kwa muda mrefu, muifute, mkae kimya muone kama kuna atakayeiulizia. Kwenye fomu ya tathmini ongezeni safu moja: nini katika mpango au vifaa kilizuia kazi, na anayeijibu safu hiyo awe mkuu wa idara.

Nasi tukipewa hayo, tukaguliwe. Nalisema kwa uzito, kwa sababu wapo wenzangu watakaoisoma barua hii kama ruhusa ya kulegea, na wapo wanaolegea kweli. Mpango ukiwepo hawatakuwa na pa kujificha. Sasa hivi wanapo, na ni ninyi mliowapa.

Kikao cha tathmini kinachofuata kimeshawekwa kwenye ratiba. Mkija na fomu zenu, njooni pia na mpango tuliopaswa kuufuata katika kipindi kilichopita, tuuweke mezani kando ya matokeo, tuanze kusoma kutoka ukurasa huo. Kama haupo, kikao kitumike kuandika wa kipindi kijacho, na zile fomu zisubiri.

Wenu katika kazi,
Mkuu wa zamu